Jinsi ya kulainisha uinuaji wa bolti ya bunduki kwa vipande vya kujitengenezea

Mlenga shabaha anayepigia kwenye benchi hulaza bunduki yake juu ya mifuko ya mchanga, akaituliza, kisha akajitahidi isisogee hata kidogo kati ya risasi moja na nyingine. Taabu humjia pale anapotaka kufungua bolti. Mkono wa bolti ukiwa mzito, bunduki nzima hupinda kuelekea kushoto, kitako huacha alama yake kwenye mfuko wa nyuma, na msalaba wa darubini ambao ulikuwa umekaa juu ya duara la shabaha hukutwa umehamia kwenye jirani yake. Mtu huyo hulazimika kuanza upya kazi ya kuituliza, na baada ya risasi ishirini bega na kiganja hulalamika. Mwongozo huu unahusu namna ya kupunguza uzito huo kwa vipande viwili vitatu ambavyo mtu mwenye tupa, kalipa ya kupimia unene na subira anaweza kuvitengeneza mwenyewe.

Kwanza neno lenyewe, kwa sababu kwa mafundi wetu bolti ni ile inayofungwa kwa nati. Hapa ninaposema bolti nakusudia kile chuma cha mviringo kinachoteleza mbele na nyuma ndani ya bunduki, chenye mkono pembeni, ambacho huingiza risasi kwenye chemba, huifunga, na baada ya kupiga hulitoa ganda. Bunduki nitakayoifuata ni Savage 110 pamoja na ndugu zake, ambayo ilichorwa na Nicholas Brewer na kuingia sokoni Marekani mwaka 1958. Naichagua kwa sababu mbili. Bolti yake inajulikana kwa uzito wa kuinuliwa, na imeunganishwa kwa skrubu moja kubwa nyuma, kwa hiyo inafunguka vipande vipande bila mashine. Mwenye bunduki ya aina nyingine atafaidika na sehemu ya vipimo na ya mkono, lakini sehemu ya gololi ya chuma inayowekwa ndani ya bolti kupunguza msuguano asiichukue jinsi ilivyo, kwa maana muundo wa ndani si mmoja.

Jambo la sheria nalitanguliza kabla ya chuma. Mimi naishi Marekani, ambako mwenye bunduki halali ya bolti anaruhusiwa kuifanyia kazi ya namna hii mwenyewe. Kwa ndugu zangu walioko nyumbani hali ni nyingine: Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na katika nchi zote mbili silaha hushughulikiwa kwa leseni. Kwa hiyo mwenye kibali cha kumiliki bunduki ya kuwindia au ya michezo asidhani kwamba kibali hicho kinamruhusu pia kuifungua na kuibadilisha. Aulize polisi wanaosimamia leseni, na kazi yenyewe aikabidhi kwa fundi aliyesajiliwa. Anaweza kumsomea maelezo haya.

Sasa tuone uzito unatoka wapi. Bolti ya Savage hujikoki, yaani huivuta nyuma pini ya kupigia ikawa tayari kufyatuliwa, wakati wa kufunguliwa, kama ilivyo Mauser ya mwaka 1898 na bunduki nyingi za kuwindia zilizofuata nyayo zake. Lee-Enfield ya Waingereza, ambayo askari wa King's African Rifles waliizoea, hujikoki wakati wa kufungwa, na ndiyo maana mkono wake huinuka kwa wepesi na uzito huja mwishoni bolti inaposukumwa mbele. Kwenye Savage, unapoinua mkono, mwili wa bolti huzunguka ilhali pini ndogo ya kukokia, ambayo imezuiwa isizunguke, hulazimika kupanda mpando uliochongwa kwenye mwili huo. Inapopanda hurudi nyuma, na inaporudi nyuma huivuta pini ya kupigia na kuikandamiza springi. Kazi ya kuikandamiza springi ni lazima ifanyike. Hakuna kipande cha kutengeneza nyumbani kitakachoiondoa. Unachoweza kukiondoa ni msuguano unaoongezeka juu ya kazi hiyo, na unachoweza kukirefusha ni wenzo, yaani mkono unaoushika.

Pembe ya kuinua nayo ina sehemu yake. Savage huinuka nyuzi 90, Tikka T3 huinuka nyuzi 70, na Weatherby Mark V yenye vifungo tisa (yale meno ya chuma yanayoishikilia bolti ikiwa imefungwa) huinuka nyuzi 54 tu. Watu husifu pembe fupi kwa sababu mkono hauigongi darubini, lakini kazi ileile ya kukoki ikifanywa katika mwendo mfupi zaidi hudai nguvu zaidi. Kwa hiyo mwenye Savage asiionee wivu pembe ya jirani. Yeye ana mwendo mrefu, na akiondoa msuguano atapata wepesi ambao pembe fupi haiutoi.

Kabla ya kufungua chochote, pima. Nasisitiza hili kuliko jambo lolote jingine katika maelezo haya, kwa sababu bolti nzito ina lugha tatu tofauti, na gololi hujibu moja tu kati ya hizo. Chukua mizani ya kuning'iniza yenye ndoano, ile ambayo wauza samaki hupimia au wasafiri hupimia mizigo yao. Funga uzi mgumu katikati ya kirungu cha mkono wa bolti, ning'iniza ndoano kwenye uzi, ibane bunduki kwenye kishikio isitikisike, kisha vuta polepole ukielekeza nguvu sawasawa na duara ambalo mkono unalichora. Soma namba kubwa kabisa inayoonekana kabla mkono haujafika juu. Rudia mara tano na uchukue wastani, maana kuvuta kwa haraka hudanganya.

Kipimo cha kwanza hufanywa bunduki ikiwa tupu na tayari imekokiwa: fungua bolti, ifunge bila kugusa triga, kisha pima. Hapo springi haikandamizwi upya, kwa hiyo unachokisoma ni msuguano wa vifungo na wa kile kibati kilicho nyuma ya bolti peke yake. Kipimo cha pili hufanywa bunduki ikiwa tupu lakini baada ya kubonyeza triga, ikiwezekana juu ya risasi bandia. Hapa unasoma uzito wa kukoki wote. Kipimo cha tatu hufanywa uwanjani, baada ya kupiga risasi halisi, kwa kutumia mizani ileile na uzi uleule, mdomo wa mtutu ukiwa umeelekezwa kwenye shabaha muda wote.

Tuseme kipimo cha pili ni kilo 4 na cha tatu ni kilo 4 na robo. Basi uzito wako unatoka kwenye kukoki, na maelezo yanayofuata yatakusaidia. Lakini tuseme cha pili ni kilo 4 na cha tatu ni kilo 7. Hizo kilo 3 za ziada hazitoki kwenye springi. Zinatoka kwenye ganda lililoshika kuta za chemba. Sababu inaweza kuwa chemba chafu, ganda ambalo halikurudishwa vizuri kwenye vipimo vyake, au baruti iliyozidi. Litazame ganda lenyewe mahali penye mwanga mzuri: ukiona fataki, kile kikombe kidogo katikati ya kitako cha ganda ambacho pini hukigonga, imelala bapa hadi kingo zake za mviringo zimetoweka, au ukiona kwenye kitako cha ganda doa linalong'aa lenye umbo la tundu la kirushio (kile kipini kinacholirusha ganda nje), basi bunduki inakuambia kwamba mgandamizo umepita kiasi. Acha kupiga siku hiyo. Anayeweka gololi ili bolti iliyoshikwa na mgandamizo ifunguke kirahisi amejinyima ishara ambayo ingemwokoa jicho.

Na ikiwa kipimo cha kwanza peke yake ndicho kikubwa, tatizo ni ukavu au taka kwenye vifungo. Safisha nyuma ya vifungo na mahali vinapokaa kwa kitambaa chenye spiriti, paka grisi kiasi cha punje ya mchele kwenye kila kifungo, upime tena. Wengi huishia hapa na hawahitaji kutengeneza chochote.

Tuingie kwenye gololi. Ndani ya bolti ya Savage, springi ya pini ya kupigia husukuma mbele kwenye pini yenyewe, na kwa nyuma husukuma bomba fupi ambalo nitaliita bomba la kukokia. Bomba hilo halizunguki, kwa sababu pini ya kukokia inapita katika mpasuo wake na kulizuia. Nyuma yake kuna skrubu ya nyuma, ambayo imefungwa kwenye mwili wa bolti na kwa hiyo huzunguka pamoja na mkono. Fikiria basi: nguvu yote ya springi inalikandamiza bomba lisilozunguka dhidi ya skrubu inayozunguka, chuma kwa chuma, na mguso wenyewe uko kwenye ukingo wa mviringo ulio mbali na katikati. Msuguano ulio mbali na katikati una mkono mrefu wa kupingana nawe. Ukiuhamisha mguso huo hadi kwenye nukta moja katikati kabisa, msuguano unabaki na mkono mfupi mno, karibu na sifuri. Kazi hiyo hufanywa na gololi moja ya chuma iliyowekwa kati ya bomba na skrubu. Wapo wanaouza vipande hivi vikiwa tayari kwa bunduki za Savage, na asiye na imani na mikono yake anunue. Lakini kanuni ni nyepesi na kipande ni kidogo.

Gololi inapatikana kwa fundi baiskeli. Gololi za kitovu cha gurudumu la nyuma kwa kawaida ni za inchi robo, yaani milimita 6.35, na za gurudumu la mbele aghalabu ni ndogo zaidi, milimita 4.76. Kwa kawaida zote ni za chuma kilichotiwa moto kikawa kigumu, na hicho ndicho kinachotakiwa. Omba mpya. Gololi iliyokwisha kuzunguka miaka kumi kwenye kitovu ina vidoa ambavyo jicho halivioni lakini ukucha unavihisi. Ile ndogo mara nyingi inafaa zaidi kwa sababu nafasi ndani ya bolti ni finyu.

Kabla ya kuifungua bolti toa risasi zote chumbani, si kwenye bunduki tu, na uvae miwani ya kazi. Itoe bolti kwenye bunduki. Ikiwa imekokiwa, ushike mwili wake kwa kitambaa na uzungushe mkono hadi pini ya kukokia iteremke kwenye mpando. Utausikia mlio mfupi mzito, na hapo springi itakuwa imelegea kwa kiasi kikubwa. Fungua skrubu ya nyuma kwa alenki inayoingia sawasawa, maana tundu lililoharibika halitengenezeki. Ilegeze polepole huku kiganja cha mkono mwingine kikiikandamiza. Mkono wa bolti na kibati cha nyuma vitavutika. Kuwa mwangalifu hapo, kwa sababu kuna kigololi kidogo na springi yake vinavyokaa karibu na mkono na ambavyo huruka bila taarifa. Mimi hufanyia kazi hii ndani ya sanduku la kadibodi lenye kingo ndefu. Iangushe pini ya kukokia kiganjani, kisha uvute nje mkusanyiko wote wa pini ya kupigia. Kichwa cha bolti hakina haja ya kuguswa. Kiache kilipo, kwa sababu nafasi kati ya kichwa hicho na kitako cha ganda ilipimwa kiwandani kwa bunduki yako na si vyema kuichezea.

Safisha kila kitu kwa spiriti hadi ute wote wa zamani utoke, kisha tazama uso wa nyuma wa bomba na uso wa ndani wa skrubu. Utaona pete inayong'aa kwenye nyuso zote mbili. Pete hiyo ndiyo mahali pa msuguano tunaoutafuta, na kadiri ilivyo pana na yenye mikwaruzo ndivyo utakavyonufaika zaidi.

Kipande cha kutengeneza ni kizibo kidogo chenye umbo la kofia. Sehemu yake nyembamba huingia kwenye mdomo wa nyuma wa bomba la kukokia bila kulazimishwa na bila kuchezacheza. Ukingo wake mpana hukaa juu ya mdomo huo. Na katikati ya uso wake wa nyuma kuna kidimbwi ambamo gololi hukaa. Chuma laini hakifai, kwa sababu gololi itakibonyeza kila siku hadi vipimo vipotee. Tumia kipande cha pini ngumu ya mashine au shina la keekee iliyovunjika, ile sehemu isiyo na mikunjo. Mwenye lathe au rafiki mwenye lathe atakichonga kwa nusu saa. Asiye nayo anaweza kukibana kwenye drili iliyofungwa kwenye jiliwa na kukipunguza kwa tupa ndogo kikiwa kinazunguka, akipima kwa kalipa kila baada ya mikwaruzo michache. Kidimbwi hutobolewa kwa ncha ya keekee ngumu, kina kiasi cha kuishika gololi isihame tu. Kikizidi kina, gololi itagusa kingo badala ya kugusa chini, na utakuwa umeuhamishia msuguano mahali pengine.

Unene wa ukingo wa kofia pamoja na sehemu ya gololi inayochomoza vinahitaji nafasi, na nafasi hiyo haikuwapo hapo awali. Itabidi ichukuliwe kwenye uso wa ndani wa skrubu ya nyuma, kwa kuupunguza au kuutoboa shimo bapa katikati. Skrubu za miaka mbalimbali hazilingani kwa ndani, kwa hiyo sitataja namba ya kupunguza. Ipime ya kwako. Nunua skrubu ya pili kabla ya kuanza, uifanyie kazi hiyo, na ile ya asili uihifadhi kama ilivyotoka kiwandani. Uso ambao gololi itaukanyaga uwe bapa na uliong'arishwa.

Kipimo kinachotawala kazi nzima ni pengo. Ukishaweka kizibo na gololi na kuikaza skrubu hadi mwisho, bomba na skrubu havitakiwi kugusana tena, lakini pengo kati yao lisizidi unene wa karatasi ya daftari, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita. Lisipokuwapo kabisa, nyuso zitaendelea kusuguana na kazi itakuwa bure. Likiwa kubwa, bomba linasogezwa mbele, springi inabanwa zaidi ya ilivyokusudiwa, na skrubu inaweza isikae hadi mwisho. Namna ya kulipima bila vyombo vya gharama ni kubandika kipande chembamba cha udongo wa watoto wa kuchezea kwenye uso wa skrubu, kuikaza, kuifungua, na kuupima unene uliobaki kwa kalipa. Ikiwa hakuna udongo uliobaki, nyuso zinagusana.

Na kwa ndani yupo adui mwingine. Pini ya kupigia ina kipande nyuma yake ambacho hurudi ndani ya bomba wakati wa kukoki. Shina la kizibo likiwa refu kupita kiasi litakizuia kipande hicho kisirudi hadi mwisho wake. Kizibo changu cha kwanza kilizidi urefu kwa nusu milimita tu. Bolti iliinuka vizuri mezani, nikafurahi, nikaenda uwanjani, na katika risasi kumi mbili hazikulipuka. Fataki zake zilikuwa na kidonda kifupi mno katikati. Niliporudi na kukifungua niliona alama ya duara mbele ya kizibo pale kilipokuwa kikigongwa. Tangu hapo mbele ya kizibo hupaka wino wa kalamu nzito, naunganisha bolti, naikoki mara kumi, na kuifungua tena. Wino ukifutika hata kwa doa moja, nakifupisha.

Unapounganisha, weka tone la grisi nzito kwenye kidimbwi. Grisi huishika gololi isidondoke na ndiyo itakayoilinda. Paka kidogo pia kwenye mpando wa mwili wa bolti na kwenye pini ya kukokia. Hapa pana nafasi ya kazi ndogo nzuri: ukiuona mpando una mikwaruzo ya mashine, uzungushie msasa namba 600 kwenye kijiti cha mviringo, upitishe kufuata mwelekeo wa pini inavyopanda, kisha umalizie kwa namba 1000 hadi uone uso wako kwa ukungu. Ng'arisha tu. Usibadilishe mwinamo wa mpando, usiguse kile kidaraja cha juu ambapo pini hupumzika baada ya kukokiwa, na usikate springi. Springi iliyokatwa hulainisha bolti kwa wiki moja na kukuletea risasi zisizolipuka kwa mwaka mzima, na tena hupunguza kasi ya pini, jambo ambalo mlenga shabaha hulilipia kwenye ukubwa wa kundi lake la matundu.

Sasa mkono. Wenzo ni hesabu ya moja kwa moja: ikiwa katikati ya kirungu iko milimita 60 kutoka kwenye mhimili wa bolti, na ukaisogeza hadi milimita 75, nguvu inayohitajika inapungua kwa moja ya tano bila kugusa kitu chochote ndani. Kwa mtu ambaye hataki kabisa kuifungua bolti yake, hili peke yake linatosha kuwa zawadi. Mikono mingi ya Marekani iliyotengenezwa kwa virungu vya kubadilisha ina uzi wa 5/16-24, yaani mikato ya skrubu yenye kipenyo cha inchi 5/16 na mizunguko 24 kwa kila inchi, kwa hiyo ukipata mkono wenye uzi huo, kirungu unaweza kukichonga mwenyewe kwa kitu unachokipenda. Alumini ni nyepesi na huchongeka. Mimi nilitumia mpingo. Nilikuwa na kipande kilichobaki kwenye kinyago kilichovunjika, mti uleule wa kwetu kusini ambao Wazungu hutengenezea klarineti kwa sababu ni mgumu, mzito na haupindi kwa unyevu. Nilikichonga umbo la yai lenye urefu wa milimita 38, nikatoboa nyuma, nikagundisha ndani yake nati ndefu ya chuma kwa gundi ya epoksi, kisha nikaking'arisha kwa nta. Uzi usikatwe ndani ya mti wenyewe, utachanika.

Mwenye mkono wa kawaida usio na uzi anaweza kutengeneza kifuniko cha vipande viwili kinachokikumbatia kirungu cha zamani na kubanwa kwa skrubu mbili ndogo. Ndani yake abandike kipande chembamba cha ngozi au cha bomba la baiskeli ili kisiteleze. Nimeviona vikikaa miaka. Ila asirefushe kupita kiasi: mkono mrefu sana hugonga meza, hushika kamba za begi, na ukiutumia kwa nguvu juu ya ganda lililokwama unaweza kukivunja kiungo chake. Milimita 15 hadi 20 za ziada ndizo ninazoziona za busara. Kabla ya kukaza, funga bolti na utazame kwamba kirungu kipya hakigusi kitako cha mti mahali popote. Kikigusa, bolti inaweza isifunge hadi chini, na hilo ni la hatari kuliko uzito wowote.

Bolti ikishaunganishwa, irudishe kwenye bunduki tupu na uifanyie majaribio kabla ya kuikaribia risasi. Koki na ubonyeze triga mara hamsini, ukisikiliza mlio uwe mmoja na mkavu kila mara. Kisha ifunge bolti kwa nguvu, kama mtu mwenye haraka, mara ishirini bila kugusa triga. Pini ikianguka yenyewe hata mara moja tu, kazi imekwisha na bunduki inakwenda kwa fundi. Jaribu kizuizi cha usalama: kikiwa kimewekwa, triga ibonyezwe, kisha kizuizi kiondolewe bila kugusa triga, pini isianguke. Mwisho, pima kwa kile kijiti cha kalipa cha kupimia kina ni kiasi gani ncha ya pini ya kupigia inachomoza mbele ya uso wa bolti ikiwa imefyatuliwa. Kipimo hicho ulitakiwa ukichukue kabla ya kufungua chochote, ukiandike, na sasa kiwe kilekile. Ikiwa kimebadilika, kuna kitu hakikurudi mahali pake.

Uwanjani ingiza risasi moja moja kwa kumi za kwanza. Tazama fataki ya kila ganda: kidonda kiwe cha kina kile kile na kiwe katikati. Halafu rudia kipimo cha pili na cha tatu kwa mizani yako ya samaki na uviandike pembeni ya vile vya zamani, tarehe na aina ya risasi pamoja. Baada ya risasi 100 ifungue bolti tena, itoe gololi, izungushe chini ya kioo cha kukuzia. Ikiwa ina mstari au kidoa bapa, kizibo chako ni kigumu kuliko inavyofaa au kidimbwi hakiko katikati. Ikiwa kidimbwi ndicho kilichozama, kizibo ni laini. Gololi safi yenye alama ndogo ya nukta moja iliyong'aa ndiyo unayoitaka. Ipake grisi mpya, ifunge, na uichunguze tena kila unapoisafisha bunduki kwa ukamilifu.